Kisima cha Katikati

Jumamosi, 9 Mei

Mwenyekiti wa kitongoji chetu amehamia Ikwiriri kwa mwanawe. Uchaguzi mdogo ni wiki mbili zijazo. Nafasi yangu hiyo! Nimekula chumvi miaka hamsini na mbili na sijawahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote, hata wa harusi.

Habari ya mjini ni kisima. Wafadhili watachimba kimoja tu, na mwenyekiti mpya ndiye atakayesimamia kiwe wapi. Chama changu, Kasia, kinataka kiwe bondeni, kwa sababu kule wanawake wanachota mtoni. Chama cha Chungu kinataka kiwe barabarani, karibu na shule na maduka. Kila upande umekaza shingo. Mimi nimekaa dukani kwangu, nimekunywa kahawa, nimepata jibu: katikati! Barabarani watanipa kura, bondeni watanipa kura. Nikapima kwa kamba. Katikati ikaangukia mbele ya banda langu la zamani la kuuzia vocha. Sikupanga. Kamba niliisogeza kidogo tu.

Nimemweleza mke wangu, Rukaiya. Akauliza nani anaishi hapo katikati. Nikasema hakuna mtu. Akasema basi huyo hakuna mtu atafurahi sana. Mke wangu hana jicho la siasa.

Jumapili, 10 Mei

Nimekwenda kwa Sadala, mgombea wa Chungu. Ni kaka yake Rukaiya, kwa hiyo tunataniana tangu siku ya posa. Alinipokea kwa kuuliza kama nimekuja kumrudisha dada yake. Nikamweleza mpango wangu. Nilitegemea ubishi. Akakubali yote, akanisindikiza mpaka njiani, akanipa mkono kwa mikono miwili. Mwungwana!

Jioni. Si mwungwana. Ametangaza kwenye kijiwe cha kahawa kwamba hata Kasia wenyewe wamekubali kisima kitoke bondeni. Kilichobaki, anasema, ni kukisogeza kidogo tena mpaka barabarani. Nilimpa nusu ya njia, naye ameanzia pale nilipomwachia.

Jumatatu, 11 Mei

Bi Mwanasiti, mwenyekiti wa tawi letu la Kasia, amepanda kwa miguu kutoka bondeni mpaka dukani. Hakununua kitu. Dalili mbaya. Nikamwambia siasa za siku hizi zinataka kulegeza kidogo. Chama kinachokaza kila jambo hubaki na wanachama wa kutosha mkeka mmoja. Nikamwambia kutoka kwao hadi katikati ni nusu tu ya safari.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauweka mkono wake wa kushoto juu ya kaunta, ule wenye kovu. Mwaka juzi alikuwa anachota maji, mamba akaukwaruza mkono, akaukosa, akaondoka na ndoo.

"Mdogo wangu," akasema, "nusu ya safari ni ndefu ukiwa na ndoo kichwani, na mto uko mlangoni. Watoto wetu watakuja kisimani kwako siku ya kwanza. Siku ya pili watarudi kwa mamba. Na yule hakuniomba tukutane katikati."

Nikamkaribisha soda. Akakataa, akasema Jumatano tawi litapiga kura ya mgombea, na yeye naye atasimama.

Jumanne, 12 Mei

Wazo! Nishuke bondeni mwenyewe kabla ya kura. Tatizo ni kwamba mpunga umeiva, kila familia iko juu ya dungu lake, kibanda cha miguu mirefu, inalinda shamba. Ukiwafuata mmoja mmoja jua linazama. Nikaokota debe, nikalipiga kwa fimbo kwa nguvu zangu zote.

Wakaja! Wanaume, wanawake, mbio, na mapanga, na mikuki. Nikaguswa moyo. Nikawaza, kumbe ndivyo anavyopendwa kiongozi.

Mtu wa dukani mimi, nilisahau. Bondeni debe hupigwa pale kiboko anapoingia shambani. Mzee Iddy alinizunguka akitafuta nyayo. Nikaona watu wameshafika, nisiwapoteze, nikahutubia. Nilipofika kwenye "ndugu zangu, pande zote zina haki," nguruwe walikuwa wanaingia kwenye mpunga wa Mzee Iddy, maana juu ya madungu hakubaki hata mlinzi mmoja.

Mzee Iddy hakukasirika. Aliniuliza tu kwa upole, "Na hao nao wana haki, Bushiri?"

Nimeshinda nikiinua mpunga uliolala. Mgongo wangu!

Jumatano, 13 Mei

Kura ya tawi, uwanja wa mpira. Hapa kwetu tunapanga mstari: wanaomtaka Mwanasiti kulia nyuma yake, wanaonitaka mimi kushoto nyuma yangu. Nikaomba kusema neno. Nikasema, kwa roho ya maridhiano, wanaoniunga mkono wasijitenge upande mmoja. Wasimame katikati, wawe daraja.

Wakasimama katikati. Wengi kuliko nilivyotarajia! Rukaiya, binamu zangu, hata Mzee Iddy, Mungu amlipe.

Msimamizi akahesabu kulia. Akaja kushoto, akanikuta peke yangu. Nikamwonyesha watu wangu wa katikati. Akasema hao bado hawajaamua.

Nikarudi nyumbani. Halafu jambo la ajabu: nikaanza kupumua. Hakuna vikao. Hakuna mtu wa kunigongea kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mapema nikala wali wa nazi na samaki, nikamaliza sahani. Rukaiya akasema uso umenirudi.

Jumapili, 24 Mei

Mwanasiti ameshinda. Kisima hakukisogeza hata hatua. Lakini kabla bendera hazijashushwa akamwita Sadala. Lake lilikuwa moja: asirudi mwanamke mtoni. Mengine yote akamwambia achague yeye. Sadala akachagua bomba la kupandisha maji mpaka shuleni. Akachagua na rangi ya tangi. Akapewa vyote. Tangi la Kasia litapakwa rangi ya Chungu! Wenzangu wamenuna.

Nikamwuliza Sadala ilikuwaje akakubali bondeni.

"Shemeji, wewe ulinijia na kila kitu mkononi, nikachukua," akasema. "Yule kile kimoja alikishika hasa. Ningefanyaje?"

Amekuwa mpole. Labda ni ile saumu ya sunna aliyofunga Alhamisi.

Ijumaa, 26 Juni

Maji yametoka! Baada ya swala watu wote walishuka. Matamu, hayana chumvi hata chembe. Fundi amesema pale kwenye banda langu angechimba mpaka achoke, chini ni chumvi tupu. Alhamdulillahi, sikushinda! Bi Mwanasiti alijaza ndoo mpya, akasimama akiitazama. Vumbi liliniingia machoni. Mtoni leo hapakuwa na mtu. Mamba shauri yake.

Ukitazama vizuri, kisima bondeni, bomba barabarani: ni katikati ileile. Wazo langu, wao wamelipaka rangi tu.

Sasa kamati ya maji inatafuta mwenyekiti. Wengine wanataka kila ndoo ilipiwe, mashine itunzwe. Wengine wanataka bure. Wamekaza shingo pande zote mbili. Nimekaa dukani, nimekunywa kahawa, nimepata jibu: nusu ya chini ya ndoo bure, nusu ya juu ilipiwe.

Kesho nashuka bondeni kuwaeleza. Debe ninalo.