Kifo cha Carmen, Sehemu ya Tatu

Siku ya kwanza ya juma, Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita 2024

Carmen, binti yangu, ametoka sasa hivi kuilisha simu yangu bukari, ugali wetu. Amefinyanga donge dogo, amelichovya ndani ya sombe ya majani ya muhogo, amelipaka kwenye picha ya baba yake, pale pale kinywani. Ameniambia: Papa anakula. Ana miaka mitatu. Nimefuta kioo kwa nguo yangu. Nimelia kidogo. Kisha nimepata wazo!

Kikundi chetu cha michezo ya kanisa, hapa mtaani Panda, kinatafuta mchezo mpya wa kurekodi kwa simu. Nitauandika mimi, Glodie. Shule niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unasomeka. Mama na mtoto wamekaa mezani. Sahani tatu. Ya tatu haina mtu. Mlango unafunguka, baba anaingia, ananawa mikono, anakula. Mwisho. Hakuna kingine.

Nitauweka kwenye statut yangu ya WhatsApp. Gauthier, mume wangu, atauona. Huu ni mwezi wa nane tangu aende upande wa Kolwezi, anachimba madini. Simu hapokei. Ujumbe hajibu. Lakini statut zangu anaziangalia! Kila siku jina lake liko kwenye orodha. Mtu asiyekutaka anakuangalia kila siku? Hapana. Huyu anahitaji kusukumwa kidogo tu.

Siku ya tatu, tarehe 5

Mazoezi kwa Christiane. Christiane ni fundi wa kushona na kiongozi wa kikundi. Yeye ndiye mama katika kila mchezo, hata mama akiwa wa miaka ishirini. Amesoma karatasi yangu. Ameigeuza, akatazama nyuma yake. Akauliza ni nani anakufa. Nikamwambia hakuna. Akauliza ni nani mchawi. Hakuna. Basi, akasema, hii si mchezo, Mama Carmen, hii ni sala ya kubariki chakula!

Wote wamecheka. Hata Casimir, ingawa yeye amejifunika mdomo.

Christiane anataka mtoto afe kabla baba hajafika. Baba anaingia, anakuta kilio. Anasema hapo bantu watalia mpaka kule Kambove.

Casimir amekataa. Ndiye anayeturekodi, kazi yake ni kutengeneza simu sokoni, mtu mpole. Amesema hivi: sasa hivi mtu anaitazama ile sahani na kujiuliza kama baba atakuja. Ukimuua mtoto, hakuna atakayeitazama sahani tena.

Maneno mazuri! Nimemwambia Christiane, mbele ya wote, kwamba kwenye mchezo wangu hatakufa hata kuku.

Siku ya tano, tarehe 7

Nimemuua mtoto.

Naeleza. Jana niliweka picha ya sahani tatu kwenye statut, kujaribu. Gauthier ameiona. Kimya. Sahani hazimfikii! Lakini nani atabaki ndani ya shimo akisikia mtoto wake analiliwa? Atakuja mbio. Atamkuta Carmen anacheza. Atakasirika siku moja, atafurahi maisha yote. Nimepiga hesabu zote.

Nimemwambia Christiane kwamba wazo limenijia ndotoni. Ameniangalia kama mtu anayemwona mwenzake amevaa gauni lake.

Casimir ameniuliza mara mbili kama ni lazima awe Carmen mwenyewe. Ni lazima. Watoto wengine wanatikisika. Carmen anajua kulala kimya. Anafanya hivyo asubuhi akisikia ninalia: anajifanya bado amelala.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 8

Tumerekodi! Nimemnyang'anya Christiane nafasi ya mama. Amenuna mpaka midomo imepotea.

Carmen amelala chini ya kitenge changu cha ndoa. Nimelia. Mwanzo kilikuwa kilio cha mchezo. Baadaye nikashindwa kuacha. Casimir akashusha simu, nikamfanyia ishara aendelee. Carmen akafungua jicho moja, akaninong'oneza: Mama, siyakufa. Casimir amekata kipande hicho. Kumbe ndicho kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Video ni ndefu, ameigawa sehemu tatu. Ya kwanza: jina la mchezo na sahani. Ya pili: homa. Ya tatu: kifo. Ameniambia nianze na ya kwanza. Casimir anajua simu, mimi najua Gauthier. Akiona sahani tena, atafunga. Nimeanza na ya tatu, ile yenye kuuma. Imekwenda! Ya pili imekataa. Mega za intaneti zimeisha.

Si neno. Kabla hazijaisha niliona jina lake kwenye orodha. Ameiona.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Nilikuwa naosha sufuria baada ya kanisa. Nikasikia kilio kinatokea kwenye kona. Nikasema maskini, nani amefiwa? Nikafuta mikono, nikatoka niende kuwafariji.

Kilio kilikuwa kinakuja kwangu!

Mbele Mama Kabedi, mama mkwe wangu, anayeuza samaki kule Tshangalele. Kitenge amekifunga kiunoni. Nyuma yake wanawake sita wenye mikeka kichwani. Wamepanda lori tangu alfajiri. Kumbe jirani yake alimwonyesha ile sehemu ya tatu kwenye simu. Ya tatu tu. Bila jina la mchezo, bila sahani, bila homa.

Sikupata nafasi ya kusema. Waliingia, wakatoa viti, wakatoa meza, wakatandika mikeka, kama inavyofanywa kwa mwenye kufiwa. Mmoja aliniuliza mwili uko wapi. Mwili ulikuwa nyuma ya nyumba, unakula karanga.

Carmen alisikia kelele, akaja. Akamwambia bibi yake: Jambo, Kambo!

Wawili walikimbia mpaka barabarani. Mmoja mnene alitokea dirishani, sijui alipitaje. Mama Kabedi peke yake hakukimbia. Alimkamata Carmen, akamnusa nywele, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Kisha akanipiga kofi. Moja. Nilistahili labda nusu.

Nikaeleza. Mchezo, sahani, mega. Aliuliza, weye, kichwa chako kiko wapi? Nikamwambia nilitaka Gauthier aje. Akakaa kwenye mkeka.

Nikauliza kama Gauthier naye amesikia. Amesikia. Alimpigia mama yake jana ileile. Mama yake, si mimi. Nikauliza basi yuko njiani? Amefika wapi? Nikasema chakula kipo.

Mama Kabedi alitazama mikono yake. Akasema mwanawe alimwambia maneno mawili tu. Muende mumuzike. Musiningoje.

Hata wale waliokimbia walikuwa wamerudi, wamesimama mlangoni. Kisha Mama Kabedi akaanza kulia, si kwa sauti ile ya kwenye kona. Sauti ndogo. Wengine wakafuata. Walipanda lori ili walie, wakalia.

Mimi nilisonga bukari. Wageni walikuwa hawajala.

Siku ya pili ya juma, Jumanne, tarehe 11

Wanawake wamerudi Tshangalele. Mama Kabedi amebaki. Anasema ni mgongo tu unamuuma, lakini Carmen hamwachi hata akienda chooni.

Jana alimwambia Gauthier kwamba mtoto ni mzima. Akajibu: vizuri. Akakata. Tangu hapo kwenye simu yangu picha yake haipo, na jina lake haliko tena kwenye orodha. Nimempelekea Casimir simu aitengeneze. Ameishika muda mrefu. Amesema simu haina ugonjwa, Mama Carmen. Gauthier amekufungia.

Si kweli. Simu yake imeanguka shimoni, basi. Inatokea.

Casimir amenionyesha ile sehemu ya kwanza, peke yake. Sahani tatu, mimi, Carmen, mlango. Hakuna anayeingia. Dakika nzima. Ameniuliza kama sasa naona. Nimemwambia ndiyo, naona, ni nzuri sana.

Lakini haitoshi! Nimefikiri tangu asubuhi nikiwasha moto, na kosa nimelipata. Si kifo kilichoharibu mchezo. Nilikosea mtu wa kufa! Carmen aliachwa akiwa na miaka miwili, Gauthier hakupata muda wa kumzoea. Mimi ananijua tangu kambini kwa wafanyakazi wa mgodi, tangu tunateka maji bomba moja. Kwa mtoto hakuja. Kwa mke atakuja.

Christiane ameahidi simu ya shemeji yake ya kurekodia. Kufa kwangu amekubali haraka, hata hakuuliza kwa nini. Casimir amekataa, ameondoka bila kuaga. Atarudi.

Naandika sasa, kabla wazo halijapoa. Mke amelala chini, macho yamefungwa. Mlango unafunguka. Mume anaingia mbio, udongo mwekundu bado uko miguuni. Anapiga magoti. Anamshika mkono. Anasema: Glodie, mke wangu, mimi... Mama Kabedi ananiita. Nakuja, Mama! Ananiita tena. Nakuja, ni neno moja tu limebaki, hapa anapomshika mkono anamwambia kwamba