Shamba Kavu la Mama

Ijumaa, 7 Juni
Jumanne watu wa ardhi wanakuja kutoka mjini Sleman. Wataandika shamba lipi ni la maji, lipi kavu. La maji haliuzwi kwa wajenzi wa nyumba. Kavu linauzwa. Letu ni la maji! Mpunga wa Mama ndiyo kwanza unatia maziwa. Chakula chetu cha miezi minne. Lakini jirani wa shamba la mbele, Wignyo, alikausha lake mapema. Wajenzi wamemkubalia, msingi keshachimba. Ana pikipiki nyekundu. Akinipita: "Tukino, bado unafuga vyura?" Leo wanaume wote wakiwa msikitini, nimeziba lango letu la maji kwa gunia la udongo, chini pasipoonekana.

Jumamosi, 8 Juni
Mama kamuuliza Mzee Karso, mgawa maji, mbona kwetu hakufiki kitu. Mzee kaapa kafungua mwenyewe alfajiri. Kanitazama. Nikatazama vidole vya miguu. Kumbe Mama hasubiri! Kachukua ndoo, anachota kisimani, anamwaga shambani. Nikae tu nikimtazama? Nimebeba ndoo arobaini. Namwagilia shamba ninalolikausha mwenyewe!

Jumatatu, 10 Juni
Ardhi imepasuka. Safi sana. Maji niliyoyaziba yanaingia kwa Wignyo. Acha yaingie! Yeye yuko Yogyakarta anachagua vigae. Vyura wamehamia kwake. Nimecheka peke yangu. Nimechomeka vijiti vya muhogo kwenye tuta zima, paonekane pakavu kweli. Mama kaving'oa, kauliza mwehu gani huyu. Nikasema labda watoto. Hajala. Kakaa kwenye tuta, anaminya punje moja moja aone kama kuna kitu. Mara mbili nilikwenda kulitoa gunia. Mara mbili nikarudi. Kesho tu!

Jumanne, 11 Juni
Wamekuja. Mwenye kofia kapiga teke ardhi yetu, vumbi. Kaandika: kavu. Nimefaulu! Kisha kageukia kwa Wignyo. Lo! Bata wanaogelea juu ya msingi. Kaandika: la maji, ujenzi usimame. Wignyo, ndiyo anafika na vigae vyake, kapiga kelele kuwa akimjua aliyefanya hivi atamzika humo humo. Nilisimama nyuma ya Mama.

Alhamisi, 13 Juni
Nimekwenda kwa wajenzi. Wamesema letu la nyuma hawalitaki bila la mbele. Barabara ingepita kwa Wignyo. Nimerudi mbio, nimetoa gunia. Nimechelewa. Mzee Karso katia kufuli lango letu. Shamba kavu halina zamu ya maji, karatasi imesema. Mama kanipa suke nilishike. Jepesi. "Mwanangu, mwaka huu tutanunua mchele." Hajawahi kununua mchele maishani. Nilitaka kumwambia. Nikamrudishia suke.

Ijumaa, 14 Juni
Nimewaza sana. Shida siyo gunia. Shida ni maji ya Wignyo. Shamba lake likikauka, wataandika upya, barabara itapita, letu litauzwa, Mama atacheka. Lango lake nalijua. Adhuhuri wote watakuwa msikitini. Gunia lenyewe bado zima.