Kichwa cha Mume Wangu Kwenye Picha ya Ukoo

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Mume wangu kaniletea chai kitandani. Moyo umejaa pomoni. Doa ni moja tu: utosi wake unang'aa kama sinia. Jumamosi ni picha ya ukoo kwa mama. Dada, ambaye mumewe ana nywele za kuchana, kaniuliza kama wangu atapigwa picha akiwa na kofia. Nimecheka. Nimeumia.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata kliniki. Wanatoboatoboa ngozi ya kichwa kwa visindano, kisha wanapaka maji yenye viini vya kukuza nywele. Nimemwambia ni zawadi yangu ya fungate. Kauliza kama kichwa chake kinanikera. Nikasema hata kidogo, laazizi, ni mapenzi tu. Akakubali. Anayekupenda hukufuata hata sindanoni.

Jumatano, 5 Machi
Ganzi ilipakwa, lakini alinibana mkono mpaka pete ikanichoma. Daktari kasema itachukua mara nne, kila baada ya mwezi, na wengine nywele haziwaoti kabisa. Nikauliza, na kufikia Jumamosi je? Akamtazama mume wangu kwa huruma. Amri: asipake chochote.

Ijumaa, 7 Machi
Vidoa vyekundu vya sindano haviishi. Nimempaka poda yangu, kidogo tu. Kufika jioni, vipele. Hakulalamika. Laiti angelalamika.

Jumamosi, 8 Machi
Nilimnong'oneza mpiga picha akate juu kidogo. Dada kamuuliza mume wangu, shemeji, umegombana na nyuki? Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Poda naijutia, lakini kicheko kile nakijutia zaidi.

Jumatatu, 10 Machi
Picha imetoka. Mume wangu ameishia kwenye nyusi. Mama keshaitundika sebuleni kwake, na sisi katupa nakala. Mume wangu aliitazama, akasema siku aliyokuja kuniposa hakuvaa kofia. Basi. Akaenda kuosha vyombo, na vyangu pia. Nimelia kwenye taulo. Kisha nikambusu utosi, kipele kwa kipele, nikaomba radhi. Akasema yamekwisha, mke wangu.

Jumanne, 11 Machi
Nimeapa: kichwa kile sitakigusa tena ila kwa busu. Mume niliyepewa ndiye ninayemtaka, vivyo hivyo alivyo.
Nimeitazama picha tena. Paji likikosekana, masikio yanajitokeza kidogo. Pale kliniki, ghorofa ya pili, yupo daktari wa masikio. Alhamisi tunatimiza mwezi. Nitasema ni zawadi.