Pikapu Yangu ni Gari la Michezo

Jumatatu, 4 Novemba
Ukame mtamu! Bwawa limeshuka mpaka ngazi za shule ya Kuzumi zimeibuka. Miaka arobaini na moja tangu watuhamishe na kukizamisha kijiji chetu. Ngazi ni kumi na tatu, nazikumbuka zote. Zinaonekana kutoka mahali pamoja tu, kona ya saba ya barabara ya zamani, na barabara hiyo hufunguliwa siku moja kwa mwaka. Ni Jumapili hii. Kwa chama cha magari ya michezo pekee.

Mimi nina pikapu ya kabichi. Tatizo dogo.

Nimesoma kanuni zao. Viti viwili. Gia za mkono. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Nikatoka uani na taa ya mkono. Viwili! Za mkono! Ya nyuma! Miaka kumi na tisa naendesha gari la michezo bila kujua.

Jumanne, 5 Novemba
Nimejiandikisha. Mwenyekiti, Daktari Munakata, mng'oa meno mstaafu, alicheka hadi akashika ukuta. Eti gari la michezo huwa chini, langu limesimama kama kabati la nguo. Nikamkumbusha kwamba gari lake jekundu hujibadilishia gia lenyewe, kama lifti. Akaacha kucheka. Ukaguzi Ijumaa.

Alhamisi, 7 Novemba
Chini? Nimepakia magunia kumi ya mchele. Pikapu imeshuka vidole vinne. Kitu cha kupendeza! Kwenye kilima cha hekalu ikaanza kurudi nyuma. Dada Kinue, mwenye miaka themanini na miwili, akanipita kwa fimbo yake. Akaniuliza, we Tokuji, gari gani la michezo linapitwa na ajuza? Yeye ndiye atakayekaa kiti cha pili. Hajali gari ni la aina gani, mradi aone nyumbani kabla hajafa. Mchele nimeurudisha ghalani.

Ijumaa, 8 Novemba
Katibu wa chama, Bi Sonobe wa kituo cha mafuta, aliingia uvunguni mwa pikapu akatoka na jani la kabichi kichwani. Munakata akapiga makofi. Bi Sonobe akamwambia anyamaze. Alisema viti na gia ni vyuma tu. Gari la michezo ni lile ambalo mwenyewe hulitoa bila haja yoyote. Kisha akanikazia macho: nakwenda kufanya nini huko juu?

Dada akafungua mdomo. Nikamuwahi. Nikasema sina langu huko, naendesha tu.

Bi Sonobe akabandika namba kumi na mbili mlangoni. Akili ni nywele! Dada akarudi nyumbani kwa miguu, na fimbo yake.

Jumapili, 10 Novemba
Ushindi! Munakata alinizibia njia makusudi kuanzia kona ya tatu. Tulipofika kona ya saba, Dada akawa ananigonga goti: Tokuji, tazama, tazama basi! Nikamwambia subiri kidogo. Majani yameloa umande, gia ya pili, nikapenya kwa ndani. Nikampita!

Kileleni Munakata alikuwa mweupe kama figili. Nikampa Dada tonge la wali lenye plamu ya chumvi. Hakula. Alisema ameziona ngazi zote, na kisima cha mama, na jiwe la kusagia pale mlangoni petu. Akauliza kama nami nimeona.

Nilichoona ni taa za nyuma za Munakata. Ya kushoto ina ufa.

Tukateremshwa kwa barabara mpya, upande wa pili wa mlima. Ya zamani ikafungwa mnyororo.

Jumatatu, 11 Novemba
Mvua tangu alfajiri. Redio inasema bwawa linajaa. Dada amekuja na mchoro: ngazi, kisima, jiwe. Kazi safi. Nyuma ya karatasi pako wazi, nikapigia hesabu: nikiondoa mlango wa nyuma na gurudumu la akiba, napunguza kilo thelathini na sita. Munakata amepiga simu kusema mwakani anakuja na gia za mkono. Aje!

Na mwakani nitatazama. Nimeshamwambia Dada anigonge goti kwa nguvu zaidi. Ila asinigonge kwenye kona ya saba.