Mbuzi Niliyemchagua kwa Kishikwambi

Jamani, leo nimeadhirika mbele ya wakwe. Juzi nilikubali kumchagua mbuzi wa mahari kwa kishikwambi, na laiti ningekataa!

Mbuzi wote wa ukoo wetu hapa Kilema hupita mikononi mwangu kwanza. Mbuzi wa mahari hatakiwi kuwa na kasoro, kwa hiyo humfungua kinywa, humpapasa mbavu, humtembeza. Tangu nizeeke, ndiyo kazi pekee ambayo ukoo bado unaniitia. Safari hii mbuzi alikuwa Kahe, kwenye joto, na magoti yangu hayapendi kuteremka. (Uongo. Nilikuwa nimekaa vizuri tu kwenye kiti changu.)

Godlisten, mtoto wa mdogo wangu, ndiye anayeoa. Akaniwekea kishikwambi mapajani.

"Baba mkubwa, muuzaji katuma video. HD kabisa!"

"HD ndiyo nini?"

"Picha safi. Unaona kila unywele."

Kweli, niliona! Kioo kilikuwa kidogo, lakini mbuzi mle ndani aling'aa. Vumbi la asubuhi lilielea nyuma yake kama dhahabu, ndevu zikapepea polepole, nami nikasahau kama nakagua mbuzi au naota. Jicho la kushoto lilionekana kama kinukta cheupe.

"Tazama jicho lenye nuru," nikasema. "Mchukueni."

Leo tukaenda Kirua, kwa kina binti. Mbuzi aliletwa moja kwa moja kutoka Kahe kwa pikipiki, akafika nikiwa nimeshasimama kusema. Mawingu yalikuwa yamefunguka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imekaa juu ya migomba, nyeupe, kimya. Roho yangu ikaelea.

"Wakwe zetu," nikasema, "mbuzi wetu ana jicho linalong'aa kama Kibo ile pale!"

Watu wote wakaitazama Kibo. Kisha wakamtazama mbuzi. Lo! Jicho zima lilikuwa jeupe vilevile.

Shangazi wa binti akapunga khanga mbele ya lile jicho. Mbuzi hata hakupepesa.

"Mzee, huyu haoni upande huu."

"Ni mwanga tu, mama." (Bado najitetea!)

Hapohapo mbuzi akageukia kushoto, akauvaa mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, ukamwagikia viatu vya baba wa binti.

Godlisten akataka kunikomboa. Akaiweka video kwenye televisheni kubwa ya sebuleni. Jamani! Mbuzi akageuka kuwa rundo la miraba inayotetemeka. Kaka wa binti akacheka mpaka akakaa chini.

"HD gani hii, mzee wangu? Kwenye kioo kidogo video yoyote inaonekana safi!"

Lakini kwenye ile miraba, lile jicho jeupe lilionekana mpaka jikoni.

Wakwe wametusamehe, tukaahidi mbuzi mwingine. Njiani nikaanza kueleza nitakavyomkagua. Mdogo wangu akanikatiza kwa upole:

"Kaka, wewe pumzika. Mbuzi nitamchagua mimi, na wengine watakaofuata."

Hakuna aliyenitetea, na walikuwa na haki. Msinicheke sana. Niliona uvivu kuteremka Kahe, na sasa hakuna kazi tena ambayo ukoo wangu unaniitia.