Uzinduzi wa Diski za Miaka Mia

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na kunituma nimwakilishe; waheshimiwa wakuu wa idara, makaimu wao, na makaimu wa makaimu; wataalamu wetu wa kompyuta; wazee wetu mlioketi kivulini na vijana mliosimama juani; mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi hafifu.)

Leo ofisi yetu ya kumbukumbu, chini ya uongozi wangu shupavu, na sipendi kujisifu ila leo sioni mwingine wa kunisifu, imekamilisha kuhamisha nyaraka milioni mbili, laki nne na thelathini na saba kutoka kwenye karatasi, adui mkubwa wa maendeleo, kwenda kwenye diski hizi zinazosomwa kwa mwanga, ambazo kwa mujibu wa tathmini shirikishi zitadumu miaka mia moja, yaani sote tutakuwa marehemu na diski bado ziko kazini! (Vigelegele.) Tazameni hii moja inavyong'aa. Nikiigeuza hivi najiona mwenyewe. (Kicheko.)

Namwona mama pale amenyoosha mkono. Mpeni kipaza sauti. Shikamoo, mama.

("Marahaba, mwanangu. Mimi ni mshonaji. Jirani amesogeza uzio wake mpaka kwenye cherehani yangu, na kesi ni Jumatatu. Ramani ya kiwanja alichoniachia marehemu mume wangu iko humu ofisini kwenu. Mwaka mzima naambiwa imo kwenye diski. Naomba niione leo.") (Makofi mazito.)

Swali zuri sana, mama. Ramani yako iko salama, tena salama kiasi kwamba hata sisi wenyewe hatuifikii kirahisi. Mtaalamu, mwonyeshe mama. Mbona unaninong'oneza? Sema kwa sauti, hapa ni uwazi na uwajibikaji!

("Mzee, kompyuta zetu mpya hazina pa kuingizia diski.") (Kicheko.)

Hiyo ni changamoto ndogo, tutaiundia kamati.

("Halafu, mzee, diski zenyewe ni tupu. Zote.")

Tupu! Yaani, ndugu wananchi, asilimia mia moja ya nafasi bado ipo! (Miguno.)

("Kwa hiyo karatasi yangu iko wapi? Mmeichoma?")

Mama, tafadhali usilie mbele ya wageni. Ni kweli, mimi mwenyewe niliandika barua kwamba karatasi zikishapigwa picha zichomwe, na... Wewe mtunza masjala, unakwenda wapi katikati ya hotuba? Ndugu wananchi, vumilieni, anarudi. Amebeba nini? Jalada! Limejaa vumbi, lakini ni jalada. Mpe mama.

("Ndiyo hii! Sahihi ya mume wangu hii hapa! Na mpaka wenyewe huu!") (Vigelegele. Watu wanasimama.)

("Uliandika zichomwe zikishapigwa picha, bosi. Mimi nikangoja mashine ya picha ije, na mpaka leo haijaja.")

Kwa hiyo zote zipo? Zote? (Anajifuta jasho.) Mama, Jumatatu nitakuja mwenyewe kukutolea ushahidi.

Dijitali! ("Oyee!") Karatasi! ("Oyeee!") Hapo mlipaswa kuzomea, turudie. Karatasi! ("Oyeeee!") Basi.

Nawashukuru nyote, na kwa namna ya pekee naishukuru mashine ya kupigia picha nyaraka, ambayo kwa kutonunuliwa kwake imeokoa kumbukumbu zetu zote. Natamka rasmi kwamba mradi huu, ambao haujawahi kuanza, umefanikiwa kuliko yote niliyoisimamia. Asanteni sana.