Ufa Niliomchagulia Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Handaki hili nimelitoboa mimi, kwa nyundo na tindo, peke yangu! Haya, tulikuwa genge zima, na kazi yangu ilikuwa kuwashikia wenzangu taa. Lakini nilishika vizuri.
Leo wameshusha mashine ya kukata mwamba. Kichwa kizima meno, kama mamba anayepiga miayo. Na dereva nani? Mkwe wangu! Huyu huyu aliyemwoa kitinda mimba wangu. Nyapara katangaza: mashine ikitoboa mpaka handaki la pili wiki hii, wazee wa nyundo tunatolewa handakini, tunapandishwa juu. Mimi chumba cha taa, kufuta vioo. Nifute vioo, mimi! Thubutu.

Jumanne, 5 Machi
Nina akili jamani. Enzi zetu nyufa ndizo zilizotutesa: tindo likiingia kwenye ufa linanasa, unalivuta mpaka kiuno kinalia. Basi na mashine inase! Nikamwambia mkwe, kwa sauti ya baba mwema, aanzie kushoto penye nyufa tele. Akasema asante, baba. Maskini. Nikakalia kigoda changu kungoja kilio.
Kilio kikawa changu! Meno yalidaka kingo za nyufa, mawe yakang'oka mabonge mabonge kama mkate wa juzi. Nyapara kanipiga begani, eti mzee ana jicho. Nimepongezwa. Aibu iliyoje!

Jumatano, 6 Machi
Leo nimegeuza kibao. Ukuta wa kulia: mwamba mzima, hauna hata ufa wa kupitisha unywele. Nikamwapia mkwe kwamba hapo ni laini kama sabuni. Lo! Mashine ikatetemeka, cheche, harufu ya chuma kuungua. Meno yakaisha kama yangu. Nilicheka mpaka kofia ikadondoka.
Nyapara akaja anafoka, nani kachagua hapa? Mkwe akanitazama. Akasema ni yeye. Akasemwa mbele ya watu, akaambiwa akirudia anateremshwa kwenye mashine.
Sikupenda. Chai nimeiacha nusu. Binti yangu akaniuliza mumewe ana nini, mbona karudi kanuna. Nikasema labda vumbi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeamua kumsaidia. Kidogo tu. Wamebadilisha meno, nami nikamwonyesha ufa mrefu unaoelekea handaki la pili. Aung'ang'anie huo huo. Ikaenda, ikaenda! Nikasogeza kigoda nione vizuri. Ukutani niliangalia. Juu sikuangalia. Kumbe paa nalo lilikuwa na nyufa zake.
Mkwe alizima mashine, akaruka, akanibeba mzobemzobe kama gunia la mkaa. Nikamwambia aniteremshe, ananivunjia heshima. Akasema, "Nikikuteremsha hapa, baba, binti yako atatuzika shimo moja." Bonge likashuka. Kigoda changu, kwisha!
Wakapigilia vyuma vya kushikilia paa, kazi ikaendelea. Nimetetemeka kwa baridi. Baridi tu.

Ijumaa, 8 Machi
Wametoboa! Mkwe kamwambia nyapara kwamba ufa ule nilimchagulia mimi. Nikapigiwa makofi, kisha nikapelekwa chumba cha taa. Nimerudi nilikoanzia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimefuta vioo na nimefikiri. Wamekosea. Mashine haitaki mzee wa nyundo, inataka mzee dereva. Handaki jipya linaanza Jumatatu, na ukuta wake nimeshauchungulia: mzima, unang'aa, ufa hakuna, hata wa kuniangushia bonge. Pa kuanzia ni hapo hapo. Safari hii nina hakika ni laini.
Basi, mkwe, taa yako nimeifuta ikang'aa kuliko zote. Binti nimekupa, ufa nimekuchagulia. Na kigoda changu si kimelala chini ya jiwe kwa kazi yako? Nami nina haki ya mahali pa kukaa. Nyapara akienda kunywa chai, nipishe kwenye kiti chako. Mara moja tu, nibonyeze kile kitufe cha kijani.